Madesa au pasti pepa: ipi ianze kwa Uchumi wa kidato cha sita?

Madesa, yaani notisi zilizofupishwa, yanafaa kwa mada za maelezo: mfumuko wa bei, biashara ya kimataifa, mipango ya maendeleo. Mwanafunzi anapata fasili, sababu na athari upesi. Tatizo ni kwamba macho yanazoea ukurasa na kichwa kinajidanganya kuwa kimeelewa. Funika daftari, andika hoja sita. Zikitoka tatu tu, hujasoma bado.

Pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, zinafichua makosa ya mkono. Chukua unyumbufu wa mahitaji (asilimia ya badiliko la kiasi kugawa kwa asilimia ya badiliko la bei): bei imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,200, kiasi kimeshuka kutoka 50 hadi 40. Ukigawa kwa thamani za mwanzo, ni 20% kwa 20%, jibu 1. Ukigawa kwa thamani mpya kwa kupitiwa, unapata 1.5, na maelezo yote yanayofuata yanapotoka. Mchoro wa ukiritimba nao una mtego wake: wengi husoma bei pale MR (pato la nyongeza) inapokutana na MC (gharama ya nyongeza). Hapo unapata kiasi tu. Bei unaipata kwa kupanda wima hadi mstari wa mahitaji. Desa lenye mchoro uliokamilika halikufundishi kupanda huko.

Kuanza na pasti pepa bila msingi ni kupoteza karatasi. Desa kwanza, mada moja, kisha maswali yake siku hiyohiyo. Wiki nne za mwisho, pepa nzima kwa kupima muda. Na usahihishaji afanye mwenzako: wewe utajihurumia.