Bandeji ya sponji yenye silikoni: nyota nne kutoka kwa mguu wangu

Huu ni mwezi wa saba naitumia, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto. Ugonjwa wangu unaitwa payoderma gangrenosamu. Jina linapotosha: si dondandugu, wala haukuletwa na vijidudu. Ni seli nyeupe za damu zilizogeuka kushambulia ngozi ya mwenye mwili.

Hilo hatukulijua mapema. Kipele kilipasuka, na ndani ya wiki kikawa shimo lenye kingo za zambarau. Antibayotiki hazikufua dafu. Wakanikwangua kidonda wakidhani ni nyama iliyooza. Siku ya tatu kilikuwa kimepanuka karibu mara mbili. Ugonjwa huu ndivyo ulivyo, haupendi kuchokozwa. Hata tundu la sindano linaweza kugeuka kidonda.

Sasa fikiria shashi. Muuguzi anailowesha kwa maji ya chumvi, anaivuta polepole, na bado inatoka na nyama huku nimeng'ata mto. Kila kubandua ni kujeruhiwa upya.

Siku ya kwanza ya hii ya silikoni nilifumba macho, nikajikaza. Kimya. Muuguzi akasema, "Fumbua macho dada, nimeshaitoa." Nililia, na safari hii si kwa maumivu. Silikoni hushika ngozi kavu tu, penye unyevu haing'ang'anii.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya mafuta. Marhamu ya klobetasoli ninayopaka kingoni ikigusa gundi, basi tena: bandeji inajikunja ndani ya soksi kabla sijafika mlangoni. Siku hizi napaka kidogo, nafuta ngozi ya pembeni kwa kitambaa safi kikavu, ndipo nabandika. Na usiamini siku zilizoandikwa kwenye boksi. Kidonda kikitoa maji mengi, doa hufika ukingoni mwa sponji siku ya pili na harufu inakutangulia. Badilisha.

Chukua saizi inayopita kingo za kidonda pande zote. Mimi nilibana matumizi nikachukua ndogo, gundi ikakaa juu ya ukingo wenyewe. Sirudii.

Bandeji haiponyi, tusidanganyane. Kazi hiyo inafanywa na prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, iliyonivimbisha uso na kuninyima usingizi. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2015 uliilinganisha na saiklosporini: kwa dawa zote mbili, takriban nusu tu ya wagonjwa walikuwa wamepona baada ya miezi 6. Kwa hiyo usinunue boksi moja ukadhani umemaliza.

Changu kilikuwa kinaenea kiganja. Jana nimekipima kwa rula: sentimita 2 na nusu, na ngozi iliyorudi ina vitobo vitobo kama chujio. Sasa ile saizi ndogo inatosha.