Uzoefu wangu na amri za kuonyesha tarehe za faili kwenye Linux

Ninatunza seva inayohifadhi nakala za hesabu za ofisi, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni faili fulani ilibadilishwa lini. Kwa swali hilo, amri ya ls -l (inayoorodhesha faili) ikiachwa ilivyo hainitoshelezi hata kidogo: faili iliyobadilishwa ndani ya miezi 6 iliyopita huonyeshwa saa bila mwaka, ilhali iliyo ya zamani zaidi huonyeshwa mwaka bila saa. Ukiongeza --time-style=long-iso, mistari yote hufuata mtindo mmoja, kwa mfano 2024-03-12 14:05, ambayo kwetu ni saa nane na dakika tano mchana.

Kwa kutazama kwa macho, hiyo inatosha. Ndani ya skripti (faili ya amri zinazojiendesha zenyewe), hata hivyo, ninaipendelea date -r hesabu.csv '+%d/%m/%Y %H:%M', kwa sababu hurudisha tarehe peke yake, kwa mpangilio niutakao, bila kunilazimu kukatakata safu za ls. Amri ya stat -c %y ni ya kina zaidi, kwani hutoa sekunde pamoja na sehemu zake tisa za desimali na tofauti ya saa na UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), yaani +0300 kwa Afrika Mashariki. Kwa taarifa ya kumpelekea mhasibu, ukweli ni kwamba huo ni mzigo. Ukiandika %Y kwa herufi kubwa kwenye stat -c, utapata idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, ambayo hurahisisha sana kulinganisha faili mbili.

Ninapotaka saraka (folda) nzima, hutumia find . -type f -printf '%TY-%Tm-%Td %TH:%TM %p\n' | sort, na kwa kuwa mwaka umetangulia, faili hujipanga zenyewe kuanzia ya zamani.

Wanaotumia macOS wajue kwamba stat ya huko haiitambui -c. Huandikwa stat -f '%Sm' -t '%Y-%m-%d %H:%M' hesabu.csv. Vilevile, kama nakala ilifanywa kwa cp (amri ya kunakili) bila -p, inayohifadhi tarehe ya awali, amri zote hizi zitakuonyesha, kwa unadhifu kabisa, siku faili iliponakiliwa badala ya siku mhasibu alipoibadilisha.