Limita ya shoti ya supakondakta: uzoefu wangu wa miaka miwili

Habari wadau, wengi mmeniuliza ile mashine ya baridi ninayofanya nayo kazi huku Uingereza ikoje, yaani limita ya shoti, kifaa cha kupunguza umeme mkubwa unaofumuka shoti ikitokea, leo nipo ofu acha niandike. Mimi ni fundi wa substesheni ya volti 11,000.

Kwanza ililetwa kwa nini. Swichigia zetu (makabati yenye breka za kukata umeme) za zamani, uwezo wake wa kukata shoti mwisho ampia 13,100, na mjini kila mwaka viwanda na mahospitali wanafunga majenereta ya gesi, kila moja likiingia kwenye laini nguvu ya shoti inaongezeka. Ikipita pale breka inalipuka badala ya kukata, na kama kuna mtu mbele yake Mungu apishe mbali. Kubadilisha swichigia zote hela ndefu, kwa hiyo wakaweka limita hii kati ya basiba mbili, zile fito nene za metali zinazogawia laini umeme.

Ndani kuna utepe mwembamba wa supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikiwa baridi sana) umezama kwenye nitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi kama 196 chini ya sifuri. Siku za kawaida umeme unapita kama hakuna kitu njiani, shoti ikija tu utepe unazidiwa, ukinzani unaruka juu wenyewe ndani ya milisekunde chache, relei, kile kifaa kinachoiamuru breka ikate, haijashtuka bado. Hakuna wa kuiamrisha, wala haina baruti kama zile limita za kulipuka ambazo zikifanya kazi mara moja unaagiza kipande kingine. Hapo naipa asilimia mia.

Mwaka jana katapila lilikata kebo mtaa wa pili, mimi nipo kwenye kontena la limita naandika presha. Transfoma ikanguruma mara moja nje, kimya, halafu mshale wa presha ya nitrojeni ukaanza kupanda polepole maana utepe umepata joto nitrojeni inachemka, breka iliyo kati ya basiba mbili ikafunguka, nikasimama pale siondoi macho mpaka mshale ukarudi chini. Watu wa basiba ya pili taa zilififia tu, hazikuzimika!

Shida sasa ni friji lake. Kompresa zinanguruma usiku na mchana, zinakula umeme, na Januari saa nane usiku napigiwa simu bomba la maji ya kupozea limeganda, kompresa chini. Ikabidi tuitoe limita kwenye saketi, basiba zikakaa mbalimbali, spea tumesubiri wiki tano. Tena nitrojeni haina harufu, ikivuja ndani inafukuza oksijeni unaanguka hujui kitu, ile mita ya oksijeni usiingie bila kuivaa hata kama ni dakika moja tu, nawasihi kabisa.

Kuna ndugu yangu fundi Dar kaniuliza wakiileta kwao je. Kaka, mnaweza kutenganisha basiba au kufunga koili ya kupunguza shoti, anzeni na hivyo, havihitaji baridi.

Ila atakayenunua aulize habari ya friji kabla ya limita yenyewe. Kule Essen Ujerumani mwaka 2014 waliwasha kebo ya supakondakta ya kilomita 1 hivi katikati ya mji, volti 10,000, na limita kama hii, baridi ya kebo ikatoka kwenye tangi la nitrojeni linalojazwa na lori. Mimi ningechagua tangi.