Kuhasi mbwa dume: huduma safi, ila kamba bado anavuta

Daktari wa mifugo wa mtaani kwetu namkubali sana, kabla hajampiga mbwa wangu nusukaputi alinieleza ukweli wote, kwamba kuhasi kunapunguza yale ya homoni tu, kutoroka kufuata majike, kupandapanda, kukojolea kila kona, na hata hayo yanaweza kuchukua wiki kadhaa maana tabia haziishi siku moja. Na kweli kutoroka kumeisha! Lakini kuvuta kamba vilevile, hiyo inatibiwa na mazoezi jamani, akivuta unasimama, kamba ikilegea mnaendelea, na mkanda wa kifuani wenye pete ya mbele unasaidia mno. Mshono umepona vizuri, ile kola ya plastiki ya kumzuia asilambe mshono aliichukia balaa. Nyota tano, ila msimpeleke mbwa kuhasiwa kisa anavuta kamba.