Minecraft kwenye simu: nyumba siwezi kujenga, nimebaki kwa ajili ya viumbe

Mambo ya kujenga majumba kwenye hii gemu sitayaongelea, wengine wameshaongea sana na mi vyote ninavyojenga ni mabanda tu. Kilichofanya ninunue (kama dola 7, unalipa mara moja basi) na nisiifute mpaka leo ni wale viumbe. Kila mmoja ana mwiko wake na hamna wa kukuelekeza, unaujua ukishakufa.

Mfano Enderman, lile jeusi refu lenye macho ya zambarau. Ukipita zako hana shida na wewe, anabeba bonge lake la udongo anazurura, ila ukimtazama tu usoni anaachama mdomo anaanza kutetemeka na ukigeuka yuko mgongoni kwako. Dawa yake maji, au vaa boga kichwani umtazame utakavyo. Katokana na Slender Man, yule mrefu asiye na uso aliyebuniwa na Eric Knudsen mtandaoni 2009, kwahiyo ni zimwi la intaneti limehamia kwenye gemu. Afu usipolala siku tatu za mle ndani (siku moja ni dakika 20) Phantom wanakushukia toka juu. Creeper wa kijani ndo msumbufu kuliko wote, anakuja kimyakimya unasikia tu ssssss, analipuka, ukuta huna. Eti alikuwa awe nguruwe, Markus Persson aliyeitengeneza gemu akachanganya vipimo, urefu ukawa kimo, akaona mbona huyu anatisha akamwacha hivohivo! Na hao wawili wa mwisho wote wanamkimbia paka. Bibi yangu hajui kushika hata kontroo lakini hii gemu angeielewa haraka kuliko mimi, si ndo walewale wa usipige mluzi usiku, usifagie usiku, ukiuliza kwanini unafukuzwa.

Warden sasa. Huyu yuko chini kabisa kwenye giza, aliongezwa 2022, na haoni, ni kipofu, anatumia kusikia na kunusa. Kule chini kuna vitu ukivishtua vinapiga ukelele, ukelele wa nne anachomoka ardhini, skrini inaanza kufifia na kurudi, moyo wake unausikia unadunda na kadri anavyokasirika unadunda mbiombio. Hapo unachuchumaa unatembea polepole, ukiweza tandika sufu maana juu ya sufu hatua zako hazisikiki, au tupa yai mbali aelekee huko. Ukijifanya shujaa wa kupigana naye ni pigo moja mbili tu, hata uvae chuma mwili mzima.

Na yupo ambaye hayupo kabisa, Herobrine, mtu wa macho meupe ambaye watu walianza kumsimulia mitandaoni 2010 kwamba wamemwona kwenye ukungu. Hajawahi kuwekwa kwenye gemu hata siku moja, ila waliotengeneza nao watundu, kwenye orodha za mabadiliko wakawa wanaandika kwamba Herobrine ameondolewa, sa ukiambiwa ameondolewa si unajua alikuwepo. Waliokuwepo Pemba na Unguja 1995 kipindi cha hofu ya lile zimwi Popobawa, watu wanalala nje kwa makundi, hawahitaji kuelezwa habari kama hii inavyosambaa.

Kasoro zipo. Kwenye simu yenye RAM ndogo inakwama kwama na kuchemka, hasa ukiingia kwenye msitu mnene, na kupigana kwa kugusa skrini kunachosha vidole. Ila ukicheza peke yako hailambi bando, hiyo kwangu kubwa.

Mpwa wangu yeye hana habari na mazimwi, anazalisha axolotl tu (vile viumbe vya majini kama mijusi) kwenye bwawa, anamtaka wa bluu ambaye nafasi ya kumpata ni 1 kati ya 1200, bado hajampata na simu harudishi.

Ukianza, vaa hedifoni, vua samaki mapema, nenda kijijini ukamfuge paka kabla hujajenga kitu chochote.