Uzoefu wangu na bendi ya vichekesho inayoimba Kimaragoli

Watu wa magharibi mwa Kenya tumezoea kuchekwa kwa matamshi yetu. Kwenye vichekesho vya televisheni hakosi mlinzi au mpishi anayezungumza kwa lafudhi ya Kiluhya, na kicheko chote kinatoka hapo. Kwa hiyo binamu yangu alipotuletea namba ya bendi inayoimba vichekesho kwa Kimaragoli, lahaja mojawapo ya Kiluhya, nilisita. Mama alikuwa anastaafu ualimu baada ya kufikisha miaka 60, wageni wengine walikuwa wanatoka Nakuru na Kisumu, na sikutaka siku yake igeuzwe dhihaka mbele yao.

Kumbe hawa wako mbali kabisa na hayo. Wanaimba Kimaragoli cha wazee, kile unachokisikia sokoni Mbale na Chavakali kule Vihiga, bila kukivuruga ili watu wacheke. Kinachochekesha ni maisha tunayoishi sasa. Lugha yenyewe wameishika kwa heshima, na mimi niliyekulia mjini nilisikia misemo ambayo sijaisikia tangu bibi yangu afariki.

Wimbo ulioniangusha kabisa ni ule wa mkopo wa simu. Jamaa amekopa kwenye programu, siku zimepita, na wenye pesa wanaanza kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yake. Wa kwanza kupokea ni mama mkwe! Sasa wewe Mluhya unajua mambo ya mama mkwe. Humshiki mkono, huketi naye kula, ukimwona njiani unapisha kando. Na leo mgeni kutoka Nairobi anamweleza mama huyo kwamba mkwe wake anadaiwa nini na tangu lini. Mwimbaji alikuwa anaimba sauti zote mbili, ya mdai na ya mama, na kila mara mama alipoulizwa, "Unamfahamu huyu?" gitaa lilinyamaza, mama akavuta pumzi, akajibu kwa adabu kubwa kwamba hajawahi kumtazama usoni. Wamama waliokuwa chini ya tenti walicheka mpaka leso zikawadondoka. Nadhani wengi walikuwa wamepigiwa simu za namna hiyo.

Wa pili ni wa tokeni ya stima. Nyanya anamsomea mjukuu zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, moja moja, kwa Kimaragoli, na ngoma inagonga kila tarakimu. Karibu na mwisho mtu anabisha hodi, nyanya anaitikia salamu, hesabu inapotea, wanaanza upya. Mara ya tatu watoto wote walikuwa wanahesabu naye kwa sauti. Watoto ambao nyumbani hawajibu salamu kwa lugha ya mama! Hilo peke yake kwangu lilitosha kulipia bendi.

Wa kamari ya mpira ni mrefu mno, na ule wa mabibi harusi wanaopiga picha chakula haukunipendeza, unawaandama wasichana bila sababu. Niliwaambia hivyo baadaye, nao walinisikiliza.

Muziki wenyewe ni mzuri hata ukitoa vichekesho. Gitaa moja kavu linachezwa kwa vidole, mtindo wa omutibo ambao mpiga gitaa George Mukabi aliupa umaarufu miaka ya 1950, na mmoja wao anakwaruza chupa ya soda kama walivyofanya wanamuziki wa kundi la Abana ba Nasery. Mzee mmoja kutoka Bunyore aliposikia ile chupa alisimama kabla wimbo haujaanza. Wana pia fidla ya uzi mmoja. Walimu wenzake Mama kutoka Kisumu wakaidai kuwa ni orutu, sisi tukasema ni shiriri, na ubishi huo ukaisha kwa wote kucheza. Mwishoni zilitoka ngoma za isukuti na hakuna aliyebaki kwenye kiti. UNESCO iliiweka isukuti mwaka 2014 kati ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Pale uwanjani walioipiga walikuwa vijana, nami nilifurahi sana kuliona hilo.

Kwa wageni wasiojua lugha, kiongozi wao anasimulia kisa kwa Kiswahili kifupi kabla ya wimbo, kisha anaachana na tafsiri. Marafiki kutoka Nakuru walifuata vizuri, ila waambieni wanabendi mapema ni wageni gani mnao, maana wasipojua wanarukia nyimbo mbili mbili bila maelezo, na upande mmoja wa tenti unabaki kimya.

Malipo ni nusu kwa M-Pesa wakati wa kuwaalika, nusu siku yenyewe kabla hawajafungasha vyombo. Usafiri ni juu yako. Spika walizokuja nazo zilikuwa kubwa kupita kiasi kwa boma, maneno yakawa yanamezwa na besi. Kwenye muziki ambao utamu wake uko kwenye maneno, hilo ni kosa kubwa. Tulipopunguza sauti, mambo yakakaa sawa. Ningewashauri waje na maikrofoni bora kuliko spika za kutikisa mabati.

Wiki moja kabla, walinipigia kuniuliza Mama alifundisha somo gani, anapenda kusema nini darasani, nani alikuwa rafiki yake wa zamani. Wakamtungia wimbo kuhusu mwalimu anayesahihisha hata ujumbe wa simu anaotumiwa na wajukuu, anaurudisha ukiwa na alama kumi juu ya kumi au sifuri. Mama alitoka kumtuza mwimbaji, na akamrekebishia neno moja la Kimaragoli papo hapo. Walirudia ubeti ule wakiwa wamelisahihisha.

Mkiwataka Desemba, pigeni simu kufikia Septemba. Mwezi huo kila mtu amerudi nyumbani, harusi ni nyingi, na tarehe 26 kuna tamasha la utamaduni la Wamaragoli pale Mbale.