Arki za ndizi na nanasi, duka la Ngamiani

Asubuhi nafundisha kemia, jioni nauza ubuyu na aiskrimu, kwa hiyo duka la arki, yaani matone ya kutia ladha na harufu, naliingia na pua ya mwalimu. Hili la Ngamiani, upande wa sokoni, nalipa nyota nne.

Arki ya ndizi ndiyo bora. Lebo imeandikwa isoamili asetati, na hapo wanafunzi wangu wanajua pa kuanzia: kipande cha mbele kinatokana na alkoholi, yaani alkoholi ya isoamili, na cha nyuma na asidi asetiki, ile ile iliyomo kwenye siki. Zipashe moto pamoja na matone ya asidi salfuriki, utapata maji na esta, yaani kile kinachozaliwa alkoholi na asidi zikiungana, inayonukia ndizi chumba kizima. (Ya maabara msiitie kwenye ubuyu, jamani.) Ila hata hii ya dukani ukiizidisha, ubuyu unanukia rangi ya kucha.

Ya nanasi ni ethili butireti: ethanoli na asidi butiriki. Asidi hiyo peke yake inanuka samli iliyochacha, nani angedhani itazaa nanasi! Arki hii naichanganya na ukwaju, wateja hawabanduki.

Nyota moja nimeikata kwa chupa ya stroberi. Imeandikwa "ladha" tu, basi. Esta gani, hakuna. Sikuinunua, ingawa muuzaji alinichovyea karatasi, "Nusa kwanza, mwalimu," na kweli ilinukia.

Chupa ndogo shilingi 2,500. Ijumaa wanafunga mapema kwa swala, wahini.